KAMBA MBILI KANDO YA ZIWA TSHANGALELE

Wakati wa kiangazi, katekista wa kijiji kimoja kando ya ziwa Tshangalele alifika kwangu akiwa na huzuni. Akaniambia: « Padri, wazee wawili wa shirika letu wanaitana waongo. Siku ya Mungu, wakati wa kupeana amani, kila mmoja anageuza uso. » Nikamwuliza: « Juu ya neno gani? » Akajibu: « Juu ya ukingo wa maji. »

Habari yenyewe ndiyo hii. Jamaa mbili zilipatana kugawana ukingo wa ghuba moja, yaani mahali maji ya ziwa yanapoingia ndani ya nchi kavu kama mkono. Kila jamaa ilitaka kupata nusu yake ya kuegesha mitumbwi na kuanika nyavu, tena kuichunga kusudi watu wasilobe samaki wadogo. Mzee wa kwanza alipima kwa kamba ya meta 50. Aliinyosha kutoka ncha moja ya nchi hata ncha nyingine, akahesabu kamba 31, ndiyo kusema meta 1.550. Mzee wa pili hakuridhika. Akatuma vijana wake na kamba fupi ya meta 5. Hao walifuata kila kona ya maji, wakahesabu kamba 418, ndiyo kusema meta 2.090. Tofauti ni meta 540! Mzee wa kwanza akasema: « Vijana wako wameongeza hesabu. » Wa pili akasema: « Wewe umeiba ukingo. » Na kazi ya kugawana ikasimama.

« Padri, akauliza katekista, mwongo ni nani? »

Nilimjibu kwamba hakuna mwongo, wote wawili walipima vema. Katekista alinitazama kama mtu anayefikiri kwamba padri anaogopa kukata neno. Ikanipasa kumweleza. Na ninyi vilevile, ndugu wasomaji, nataka kuwaeleza jambo hili, maana ni elimu ya kweli, tena inatufaa katika kazi yetu ya kufundisha na kupatanisha watu.

1. Kamba fupi inaona zaidi

Kamba ndefu inaruka. Ikitoka mwamba huu hata mwamba ule, inapita juu ya vighuba vyote vilivyo katikati. Kamba ya meta 5 inaingia ndani ya vighuba vile, ndiyo maana hesabu yake ni kubwa. Lakini nayo inaruka: inaruka mizizi ya miti, inaruka mahali mtumbwi ulipochimba matope. Chukua fimbo ya santimeta 50, utapata hesabu kubwa tena. Na mdudu chungu, yeye anayezunguka kila jiwe na kila shina la tete, angesema kwamba ukingo ule ni safari ya siku nyingi.

Labda mtu atasema: « Mambo ni hivyo kwa kila kitu kinachopimwa. » Sivyo. Pima barabara iliyonyoka kwa kamba ndefu, kiisha kwa kamba fupi: utapata hesabu ileile. Pima mdomo wa kisima cha duara: kamba fupi itaongeza kidogo, na ukiendelea kuifupisha, hesabu itatulia. Lakini hesabu ya ukingo wa ziwa haitulii. Kila mara unapofupisha kamba, ukingo unarefuka.

Sababu gani? Sababu ukingo umekunjwa, na ndani ya kila kunjo kuna makunjo madogo. Ghuba kubwa ina vighuba kando yake, na kila kighuba kina vyake. Ukipiga picha ya kighuba kidogo bila kuweka mtu au mtumbwi wa kulinganisha, mwenye kuitazama hawezi kujua kama ni kipande cha meta 10 ama cha kilometa 1. Kidogo kinafanana na kikubwa.

Na katika Tshangalele sababu yake inajulikana. Ziwa hili si la kale. Lilizaliwa mwaka 1930, wakati ukuta wa Mwadingusha ulipozuia mto Lufira kwa ajili ya kutoa nguvu ya umeme. Maji yalipopanda juu ya uwanda, yaliingia katika kibonde cha kila kijito, kiisha katika vibonde vya vijito vinavyoingia katika kijito kile. Basi ukingo wa ziwa unafuata umbo la matawi ya maji yaliyokuwa pale mbele. Wale wazee wawili walikuwa wanapima mti mkubwa uliolazwa chini, wenye matawi, na matawi ya matawi. Mmoja alihesabu matawi makubwa tu, mwingine alihesabu hata madogo.

2. Hata serikali za Ulaya hazikupatana

Wazee wetu wasione haya. Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, aliyeishi toka 1881 hata 1953, alikutana na shida ileile. Alikuwa mtu wa hesabu na mchunguzi wa hali ya hewa, tena mtu wa amani: wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikataa kushika bunduki, akaendesha gari la kubeba majeruhi kule Ufaransa. Baadaye alitaka kujua kwa nini mataifa yanapigana. Akajiuliza: je, nchi zenye mpaka mrefu kati yao zinapigana zaidi? Kwa kujibu ilimpasa kujua urefu wa mipaka. Akafungua vitabu, akashangaa. Urefu wa mpaka wa Hispania na Ureno ulikuwa kilometa 987 katika kitabu kimoja, na kilometa 1.214 katika kingine. Mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji: hapa 380, pale 449.

Richardson akaelewa kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipima kwa kamba yake. Akachukua ramani na bikari, akapima mwenyewe, akaona kwamba urefu unaongezeka kwa namna ya taratibu kila mara mguu wa kipimo unapofupishwa. Kazi yake hiyo ilitolewa mwaka 1961, yeye akiwa amekwisha kufa.

Miaka sita nyuma yake, mwaka 1967, mwenye hesabu mwingine, Benoit Mandelbrot, aliandika katika gazeti la Marekani linaloitwa Science juu ya swali hili: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Mandelbrot alizaliwa Warsaw mwaka 1924 katika jamaa ya Kiyahudi, akakua Ufaransa, akafanya kazi yake kubwa Marekani, akafa mwaka 2010. Mwaka 1975 aliyapa maumbo ya namna hii jina la fraktali. Waseminari wetu wataona mara moja neno limetoka wapi: ni neno la Kilatini fractus, kitu kilichovunjika, kutoka kitendo frangere. Tunalijua katika fractio panis, kumega mkate. Nitarudi kwenye neno hilo, maana linaweza kutupoteza.

3. Fimbo iliyokunjwa

Ili kuelewa vema, tufanye mfano alioutoa Helge von Koch, mtu wa Uswidi, mwaka 1904. Katekista anaweza kuuchora katika mchanga mbele ya watoto.

Chora mstari ulionyoka wa santimeta 90. Ugawe mara tatu: 30, 30 na 30. Futa kipande cha katikati, na mahali pake weka vipande viwili vya santimeta 30 vinavyopanda na kukutana juu kama paa la nyumba. Sasa una vipande vinne vya 30: jumla santimeta 120. Kiisha fanya kazi ileile juu ya kila kipande kati ya vile vinne: jumla santimeta 160. Rudia tena: 213 na zaidi. Ukiendelea katika akili pasipo kukoma, urefu unapita kila hesabu, hali umbo lote linaweza kufunikwa na mkeka mmoja.

Sasa angalia neno hili. Mstari ulionyoka, ukiupima kwa fimbo iliyo fupi mara 3, unahitaji fimbo nyingi mara 3. Kiwanja cha mraba, ukikifunika kwa mikeka ambayo upande wake ni mfupi mara 3, unahitaji mikeka mingi mara 9. Lakini mstari wa Koch unahitaji mara 4. Umezidi mstari, haukufika kiwanja. Tunasema kwamba mstari una dimensioni 1, maana unaenea kwa njia moja tu, na kiwanja kina dimensioni 2, yaani urefu na upana. Mstari wa Koch uko katikati: wenye hesabu wanaupatia 1,26. Kwa pwani ya magharibi ya Uingereza walipata karibu 1,25. Hesabu hiyo inaonyesha kiasi cha ukunjifu. Ukingo ulio karibu kunyoka una hesabu karibu na 1. Ukingo uliokunjwa sana unapanda kuelekea 2.

Hivi ndivyo wenye hesabu walivyopata njia ya kupima vitu ambavyo Euclides hakuvipima. Yeye alitufundisha mstari, duara na mraba. Lakini wingu si duara, mlima si pembetatu, na mti si fimbo.

4. Fungua macho

Ukisha kujua jambo hili, utaliona mahali pengi. Sitaki kutaja yote, bali yale tunayopita karibu nayo kila siku.

Chukua jani la kangaga, ule mmea usiotoa maua, unaopenda kivuli na unyevu. Jani lote lina uti na vijani kando. Kata kijani kimoja: nacho kina uti wake na vijani vyake, nacho kinafanana na jani lote. Kata tena: mara nyingi utakuta ni vilevile. Au tazama mafunjo yanayoota kando ya Tshangalele. Juu ya shina kuna kichwa cha nyuzi nyingi kama nywele. Shika uzi mmoja, ufuate hata mwisho: pale unagawanyika tena kuwa nyuzi chache ndogo, kama funjo dogo juu ya lile kubwa.

Tazama mto. Mwaka 1945 Robert Horton, injinia wa Marekani, alihesabu vijito kwa vyeo vyao. Kijito kisichopokea kingine akakiita cha kwanza. Viwili vya kwanza vikikutana vinafanya cha pili, na hivyo kupanda. Akaona kwamba katika mabonde mengi vijito vya cheo fulani ni vingi mara 3 hata mara 5 kuliko vya cheo kinachofuata juu yake. Kipande kidogo cha bonde kinafanana na bonde lote. Lufira inaingia katika Lualaba, Lualaba inakuwa mto Kongo, na ukichora Lufira na matawi yake, umechora Kongo ndogo.

Tazama kifua chako mwenyewe. Bomba la pumzi linagawanyika mara mbili, kila tawi mara mbili tena, na hivyo karibu mara 23, hata kufika katika vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivyo ni mamilioni mia kadhaa, na ngozi yao ikitandikwa chini ingefunika karibu meta za mraba 70. Mtu anabeba ndani ya kifua uwanja mkubwa kuliko nyumba yake, sababu umekunjwa.

Tena mambo haya si ya vitu vyenye uhai tu. Watu wa Likasi waliofanya kazi ya elektrolizi, pale shaba inapotolewa katika maji ya asidi kwa nguvu ya umeme, wanajua kwamba shaba haipendi kukaa sawasawa juu ya bamba. Mahali panapotokeza kidogo panakutana mbele na shaba iliyo ndani ya maji, basi panakua upesi kuliko jirani. Juu ya kinundu kinaota kinundu kingine, na mambo yakiachwa, yanatoka matawi kama mti mdogo, hata kugusa bamba la pili na kuharibu kazi. Ndiyo maana mafundi wanatia dawa katika maji kuzuia miti ile isiote.

Katika mfano huu sababu inaonekana wazi. Hakuna aliyechora mti wa shaba. Kuna sheria moja ndogo tu: « Kinachotokeza kinapata zaidi. » Sheria ile inafanya kazi juu ya bamba, kiisha juu ya kinundu, kiisha juu ya ncha ya kinundu. Vivyo hivyo mto: maji yanafuata mtelemko na kuchimba udongo, na yanapokusanyika yanachimba zaidi. Sheria moja ikirudiwa katika kipimo kikubwa na katika kipimo kidogo, inazaa umbo ambalo sehemu yake inafanana na yote.

5. Babu zetu hawakungoja vitabu

Mmarekani Ron Eglash alitoa kitabu mwaka 1999 juu ya maumbo haya katika kazi za Waafrika: vijiji, misuko ya nywele, nguo, kuchonga. Mfano wake mmoja hauko mbali na Katanga. Ni wa Waila, kule kusini mwa Zambia.

Kijiji cha zamani cha Waila kilikuwa duara kubwa lenye mlango mmoja. Duara hilo halikujengwa kwa ukuta mtupu: lilifanywa kwa maboma ya jamaa, na kila boma lilikuwa duara lenye nyumba zake. Karibu na mlango zilikaa nyumba ndogo na ghala. Kadiri unavyoelekea nyuma, nyumba ziliongezeka ukubwa. Ndani ya duara kubwa lilikuwa boma la sultani, nalo lilikuwa na umbo la kijiji kizima. Na ndani ya boma lile viliwekwa vijumba vidogo sana vya mizimu, vimepangwa tena kwa namna ileile. Kijiji ndani ya kijiji.

Eglash alijiuliza kama hayo yametokea tu kama shaba inavyoota, ama watu walifikiri. Akakuta jibu katika kitabu cha Edwin Smith na Andrew Dale cha mwaka 1920 juu ya Waila. Hao walieleza kwamba kazi ya sultani kwa watu wake iliitwa kulela. Wazungu walitafsiri « kutawala », lakini maana ya kwanza ya neno ni kumtunza mtoto kama mama anavyomtunza. Ninyi mnaosoma Kiswahili hamna haja ya kamusi: ni kulea. Na ndugu zetu Wabemba wanasema vilevile kulela. Mama anamlea mtoto, baba wa boma anailea jamaa, sultani anakilea kijiji. Neno moja katika kila kipimo, na kijiji kilijengwa kwa umbo la neno lile. Sheria iliyorudiwa haikuwa « kinachotokeza kinapata zaidi », bali « aliye mkubwa amlee aliye mdogo ».

Katika Uhabeshi vilevile, wakristu wa kule walitengeneza misalaba ya maandamano ambayo miisho yake inachanua kuwa misalaba midogo, na ile midogo kuzaa mingine. Mwenye kuibeba anaelewa, hata kama hajui hesabu.

6. Maonyo mawili kwa wahubiri

Najua kwamba mwenzangu mmoja, akisha kusoma hapa, anatayarisha hotuba ya Siku ya Mungu. Ninamwomba angoje kidogo.

Onyo la kwanza: tusiseme kwamba kila kitu ni fraktali, wala kwamba maumbo haya hayana mwisho. Yai si fraktali. Uso wa ziwa bila upepo si fraktali. Jani la kangaga linarudia umbo mara tatu au nne, kiisha linakoma. Funjo linarudia mara mbili tu. Mstari wa Koch usio na mwisho upo katika akili, si katika mchanga. Tena tusiseme: « Tazama, hesabu hii inahakikisha kwamba Mungu yupo. » Mwanafunzi wa lycée atajibu kwamba ni maji na udongo, naye atakuwa na haki. Mtakatifu Tomaso alitufundisha njia iliyo bora: Mungu hafanyi kazi mahali pa viumbe kana kwamba vyenyewe havina nguvu, kwa wema wake amevipa hadhi ya kuwa sababu za kweli. Maji yanachimba kweli, shaba inaota kweli. Anayeeleza kazi ya maji hamwondoi Mungu. Tena Tomaso anafundisha kwamba katika kila kiumbe kuna nyayo za Muumba. Wayo ni alama tu. Aliyeona wayo katika matope bado hajauona uso wa aliyepita.

Onyo la pili ni zito zaidi. Jina fraktali ni ndugu wa fractio, na mtu anaweza kushawishika kusema: « Ekaristia ni kama fraktali: ukimega Hostia, sehemu inafanana na yote. » Usiseme hivyo. Kijani cha kangaga kinafanana na jani, lakini si jani. Imani yetu haisemi kwamba katika sehemu ndogo ya Hostia kuna mfano wa Kristu. Inasema kwamba yumo Kristu mzima, yeye mwenyewe, si mdogo kuliko katika Hostia kubwa. Mtakatifu Tomaso alikutana na kosa la jinsi hii. Wakati wake watu walitoa mfano wa kioo: kikiwa kizima kinaonyesha sura moja, kikivunjika kila kipande kinaonyesha sura nzima. Akajibu kwamba mfano huo haulingani kabisa. Sura nyingi zinatokea sababu vipande vya kioo ni vingi. Bali Kristu yumo mzima katika kila sehemu hata Hostia ikiwa haijamegwa. Kufanana ni neno moja, kuwamo ni neno lingine. Katekista akichanganya maneno haya mawili, watoto wake watakwenda kwenye Komunio ya kwanza wakifikiri kwamba wanapokea mfano.

7. Shirika dogo si kipande cha Eklezia

Basi elimu hii inatufaa nini? Nadhani inatufaa kwa mambo mawili.

La kwanza linahusu heshima kwa kidogo. Katika nchi yetu maaskofu walikubali tangu 1961 kwamba maisha ya wakristu yajengwe juu ya jumuiya ndogo, zile tunazoziita shirika. Mwaka 1964 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha, katika Lumen Gentium, kwamba Eklezia ya Kristu ipo kweli katika makusanyiko halali ya waamini ya kila mahali, hata yawe madogo na maskini. Hapo tena si kufanana tu. Hata hivyo jani la kangaga linaweza kumsaidia katekista anayechoka. Watu kumi na wawili chini ya mwembe, wakisali, wakipatana, wakimtunza mgonjwa, hawangoji kuwa wengi ndipo wawe Eklezia. Lakini vilevile kosa la shirika linarudi katika kipimo kikubwa. Wazee wawili wakigeuziana uso katika kijiji, parokia nayo inajifunza kugeuza uso. Kwa hiyo nilikwenda kule.

La pili linahusu maji. Mambo yenye matawi yanakusanya. Vijito vingi vinaleta kwa Lufira kila kitu kinachomwagwa ndani yao. Mto Panda unapita karibu na Likasi na viwanda vyake, na maji yake yanashuka kuelekea bonde hili. Mwaka 2010 wachunguzi walitoa habari za shaba, kobalti na madini mengine waliyoyakuta katika mimea na samaki wa Lufira ya juu. Tena samaki wengi wa jamii ya tilapia wanazaa katika maji mafupi kando ya ukingo. Anayesema « kighuba hiki ni kidogo, hakina maana » anapima kwa kamba ya meta 50. Kamba yake inaruka mahali samaki wanapozaliwa.

Nilipofika kijijini, niliwaeleza wazee niliyoyaeleza hapa, kwa kifupi, na mchoro wa Koch katika mchanga. Mzee wa kwanza alinyamaza, kiisha akauliza: « Basi urefu wa kweli ni upi? » Nikajibu: « Mzee, uniambie kwanza kamba. Pasipo kamba, swali lako halijakamilika. » Akacheka.

Tulichagua kamba moja ya meta 10. Mzee mmoja alishika ncha yake, mwingine alishika ncha ya pili, tukaanza asubuhi na kumaliza siku ileile, maana maji ya ziwa hupanda na kushuka. Mahali pa nusu tulipigilia kigingi. Kamba nyingine ingeweka kigingi mahali pengine kidogo, na niliwaambia hivyo mbele ya wote nisije nikawadanganya. Lakini haki waliyoitafuta ilikuwa katika kamba moja iliyoshikwa na mikono miwili, hali wote wanaona. Mzee wa pili akaomba neno moja: vile vighuba vidogo, ambavyo vijana wake waliviona na kamba ya meta 50 haikuviona, visitiwe nyavu na jamaa yoyote wakati samaki wanapozaa. Mzee wa kwanza akakubali. Walipeana mkono palepale ndani ya matope.

Ndugu katekista, siku moja katika juma hili uwapeleke watoto wako kando ya maji, au chini ya mti ikiwa uko mbali na ziwa. Usiwape fundisho kwanza. Uwape jani moja la kangaga na kamba mbili, moja ndefu na moja fupi. Wapime, wahesabu, wabishane. Wakianza kuitana waongo, hapo ndipo utafungua kinywa chako.